Gari Kuukuu Linapotetemeka Likikolea Mwendo: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Mjini gari limetulia kabisa. Ukishatoka nje ya mji, vibao vya 50 vikabaki nyuma na ukaanza kukolea, kwenye 85 usukani unaanza kutetemeka. Kwenye 100 kioo cha kati hakikuonyeshi tena gari la nyuma, unaona taa zake zimekuwa michirizi. Ukifika 115 linatulia, ukishuka linaanza tena. Fundi wa kwanza anasema shokapu, wa pili anasema tairodi, wa tatu anasema beringi, na mwenye gari anaweza kulipia vyote vitatu huku mtetemo uko palepale. Kwenye Corolla, Carina, Premio, Mark II au Noah iliyokwisha kutembea miaka 20, vyote hivyo vinaweza kweli kuwa vimechoka na bado visiwe chanzo. Ndiyo maana kazi ya kwanza hufanyika barabarani, mikono ikiwa kwenye usukani, kabla spana haijashikwa.

Inasaidia kujua kwa nini kasoro inajificha mjini. Kitu kinachozunguka kikiwa kizito upande mmoja huvuta kuelekea nje, na nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Chukua rimu ya inchi 15 iliyopungukiwa gramu 50 upande mmoja, uzito wa yai dogo la kuku. Kwenye kilomita 50 kwa saa uzito huo unavuta kama kilo 2. Kwenye 100 unavuta kama kilo 7 na nusu, na unavuta hivyo mara 14 kila sekunde. Juu ya hilo, gurudumu pamoja na breki yake lina mdundo wake wa asili kati ya springi na mpira wa tairi, na kwa magari madogo mdundo huo huwa kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mzunguko wa tairi ukikutana na mdundo huo, mtetemo unavimba, ukiupita, unapungua. Kwa hiyo gari "linalopona" kwenye 115 halijapona. Nguvu ile bado ipo na imeongezeka, ila imetoka kwenye mdundo unaoikuza.

Dalili za kusimama hapohapo

Kuna mitetemo isiyo ya kuchunguzwa kwa mwendo kasi hata kidogo. Kama usukani unayumba kushoto na kulia taratibu kwenye kilomita 20 au 30 kwa saa, barabara ikiwa nzuri, tairi linaweza kuwa limeachana nyuzi za ndani na liko njiani kupasuka. Zungusha kila tairi ukitazama uso wake na mashavu yake, ndani na nje. Ukiona uvimbe au sehemu ya uso iliyojipinda kama nyoka, tairi hilo limekwisha. Kama mtetemo umeanza siku ileile magurudumu yalipofunguliwa, kaza nati kwanza ndipo ufikirie jambo jingine. Na kama gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma linapiga "ngo, ngo" chini ya sakafu wakati wa kuondoka, usilitoe mjini. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikikatika upande wa mbele kwenye mwendo inaweza kuchimba lami na kulinyanyua gari.

Baada ya hapo angalia vitu visivyo na gharama. Msimu wa mvua tope huingia ndani ya rimu, hukauka upande mmoja likawa gumu kama tofali, na hilo peke yake linatosha kuutikisa usukani. Likwangue kwa mti au bisibisi, kisha osha, na usisahau upande wa ndani ambao mwosha magari hafiki. Tazama kama kuna alama safi ya mstatili ambapo kipande cha risasi cha balansi, yaani cha kusawazisha uzito wa gurudumu, kilikuwa kimebanwa kikadondoka. Pima upepo matairi yakiwa ya baridi na ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Uliza pia historia ya tairi: kama liliwahi kutiwa tyubu ndani ya rimu ya tyubulesi, au kumwagiwa dawa ya kuziba pancha, balansi ya aina yoyote haitakaa, kwa sababu dawa inahama na tyubu hujikunja.

Jaribio la barabarani

Tafuta kipande kirefu, kilichonyooka, tambarare, chenye lami nzima na magari machache. Endesha dakika 15 kwanza, maana tairi lililolala siku tatu mahali pamoja huwa na bapa linalopotea likipata joto. Uwe na mtu wa pili wa kuandika; dereva asishike simu. Panda taratibu kutoka 60 hadi mwendo wa juu unaoruhusiwa na muandike mtetemo unaanza wapi, unakolea wapi na unapungua wapi. Andikeni pia unasikika wapi: kwenye usukani, kwenye kiti, kwenye sakafu, au kwenye dashibodi.

Kisha, ukiwa kwenye ule mwendo mbaya kuliko yote, fanya mambo manne, moja baada ya jingine. Kanyaga mafuta kidogo zaidi, halafu achia kabisa, uone kama mtetemo unabadilika. Peleka gia kwenye N kwa sekunde chache, injini ikiwa inaendelea kuwaka. Usizime ufunguo, kwani usukani utakuwa mgumu na breki zitapoteza msaada wake. Rudisha D, halafu badilisha gia bila kubadilisha mwendo. Kwenye otomatiki kitufe cha O/D, kinachozuia gia ya juu kabisa, kinatosha. Mwisho, hakikisha nyuma hakuna mtu, ushike breki kwa upole.

Majibu yake ni haya. Mtetemo ukibaki uleule kwenye N, chanzo ni kitu kinachozunguka kwa mwendo wa gari: matairi, rimu, habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake), diski, na kwa gari la kusukumwa nyuma, propela. Ukipotea kwenye N na kurudi ukikanyaga mafuta, tazama draivushafti (shafti fupi zinazozungusha magurudumu), maunti za injini (raba zinazoibeba), au gia boksi. Ukiufuata mshale wa RPM badala ya mshale wa mwendo, yaani unatokea kwenye mizunguko 3,000 ukiwa gia yoyote, hata gari likiwa limesimama, hiyo ni injini au maunti zake na matairi yaachwe. Ukitokea kwenye breki tu, ni breki.

Kwa anayetaka uhakika zaidi kuna hesabu ndogo. Tairi la 195/65R15 lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo kwenye 100 linazunguka mara 14 kwa sekunde, na kwenye 80 mara 11. Propela ya gari lenye difu ya uwiano wa 4.1 inazunguka mara 57 kwa sekunde kwenye 100. Mkono unaujua utofauti huo: mtikisiko wa 14 ni wa kuhesabika karibu, unautikisa usukani na maji kwenye chupa, wa 57 ni mngurumo mwembamba, unaufanya mguu uwashe kwenye sakafu na kioo cha kati kiwe na ukungu. Zipo programu za simu zinazosoma mtetemo kwa hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde. Bana simu chini karibu na reli ya kiti, mwenzako asome namba, na utajua unatafuta tairi au propela kabla ya kuingia chini ya gari.

Usukani unatetemeka kati ya 80 na 110

Hapa ndipo magari mengi yanapoangukia, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chanzo kinachoongoza ni magurudumu ya mbele. Kabla ya kulipia chochote, hamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, upande uleule, halafu rudia jaribio. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umeshapata: tatizo liko kwenye tairi au rimu uliyoihamisha. Ukibaki kwenye usukani vilevile, tatizo liko kwenye habu, diski, au viungo vya mbele. Jaribio hili linachukua nusu saa na jeki moja, na linastahili kufanywa na kila mtu. Kama saizi za mbele na nyuma ni tofauti, ruka.

Kisha balansi. Tunasisitiza hili kwa sababu "nimeshabalansi" ndiyo sentensi inayowapoteza watu wengi. Balansi inategemea rimu imekaaje kwenye mashine. Fundi azitoe risasi zote za zamani, asugue tundu la katikati la rimu liwe safi, na achague koni inayoingia vizuri kwenye tundu hilo. Akishamaliza na mashine ikasoma sifuri pande zote mbili, mwombe alegeze nati ya mashine, azungushe gurudumu nusu mzunguko juu ya shafti, akaze na azungushe tena. Mashine ikisoma gramu 5, sawa. Ikisoma 20 au 25, gurudumu halikukaa katikati na balansi yote hiyo ni ya bure, arudie kwa koni nyingine. Kipimo cha Toyota kwa magari mengi madogo ni kwamba uzito unaobaki usizidi gramu 8. Tairi linalodai gramu 70 au 80 upande mmoja lisiongezewe risasi tu. Litolewe upepo, ligeuzwe nusu mzunguko juu ya rimu, lipimwe upya. Tairi jipya lenye doti ya njano lipangwe doti ikae kwenye valvu, kwa sababu doti hiyo huonyesha sehemu nyepesi.

Tairi linaweza kubalansika kikamilifu na bado likatikisa, kwa sababu si mviringo. Gari likiwa juu ya stendi, simamisha kipande cha waya mgumu kwenye tofali, ncha yake ikaribie uso wa tairi, halafu zungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Utaona nafasi ikifunguka na kufunga. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Sogeza ncha hadi kadi moja ipite kwa kubana pale tairi lilipo karibu zaidi, kisha nenda pale lilipo mbali zaidi: zikipita kadi tatu, tofauti ni milimita 1.5 na imevuka kipimo cha Toyota cha 1.4. Rudia ncha ikiwa ubavuni, kisha kwenye mdomo wa rimu yenyewe. Rimu ikiwa sawa na tairi likiwa bovu, kosa ni la tairi. Rimu ikiwa imepinda, kuna shimo ililopiga. Rimu ya chuma hunyooka vizuri kwa fundi mwenye mashine. Ya aloi hunyooka ikiwa mpindo ni mdogo na hakuna ufa; iliyochomelewa ufa tusingeifunga mbele ya gari linalokwenda safari.

Kwa matairi ya mtumba soma tarehe. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Mpira wa umri huo unaweza kuwa na kashata nzuri usoni, lakini huenda umekauka na nyuzi zake zimeanza kuachana, na hapo mviringo wake haurudi.

Sasa sehemu inayosahaulika kuliko zote, ambapo rimu inakutana na gari. Ukivua gurudumu utaona uso wa habu na diski umejaa kutu. Punje ya kutu yenye unene wa milimita 0.2 upande mmoja wa habu inakuwa karibu milimita 1 ya kuyumba kwenye uso wa tairi, kwa sababu kipenyo cha tairi ni kama mara nne na nusu ya kipenyo cha habu. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, habu na mgongo wa rimu vyote viwili.

Rimu za spoti zina kisa chao. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ya kiwandani hubana habu yake: 54.1 kwa Corolla na Premio, 60.1 kwa Mark II. Honda nyingi ni 64.1, Nissan nyingi 66.1. Rimu za kununua dukani mara nyingi zina tundu kubwa la 73.1 ili zivae gari lolote, na pengo lile hujazwa na pete ya plastiki au alumini. Pete ikipotea kwa fundi wa pancha, gurudumu linashikwa na nati peke yake na halikai katikati. Pima habu na tundu kwa kalipa ya fundi mchongaji na ununue pete zenye namba hizo mbili, zote nne.

Nati nazo zina aina. Aloi nyingi za Toyota za kiwandani hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za spoti na za chuma hutumia nati yenye kichwa cha koni. Nati ya koni kwenye rimu ya washa bapa inashika kwenye ukingo tu, inalegea na kuiharibu rimu. Kaza kwa kurukia nati ya mkabala, kwa umbo la nyota, gari likiwa bado juu kidogo tairi likigusa chini, kwa mafungu matatu, mpaka nyutoni-mita 103 kwa gari dogo la Toyota. Kama huna spana ya kipimo, hiyo ni sawa na kukandamiza kilo 26 kwenye mwisho wa spana yenye mkono wa sentimita 40. Mashine ya upepo inayokaza nati moja hadi mwisho kisha kuhamia ya jirani hulaza rimu upande, na ikizidisha nguvu hupinda hata diski.

Kiti na sakafu vinatetemeka, usukani umetulia

Kama gari linaendeshwa na magurudumu ya mbele, rudi kwenye yote yaliyosemwa juu na uyafanye kwa magurudumu ya nyuma. Hakuna jingine kubwa huko zaidi ya beringi za nyuma.

Mark II, Chaser, Crown, Hiace na Prado zina propela, na hiyo ni habari nyingine. Ingia chini gari likiwa kwenye stendi imara, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, gia kwenye N. Shika propela kwa mikono miwili pande mbili za kila krosi (kiungo chake chenye umbo la msalaba), moja ipeleke mbele na nyingine nyuma. Ukisikia hata mchezo mdogo, krosi imekwisha. Tazama pia midomo ya vikombe vyake: vumbi jekundu laini kama kahawa ya unga maana yake grisi iliisha zamani na sindano za ndani zinasagana na kutu. Krosi inaweza kuwa haina mchezo lakini imekwama upande mmoja, na hiyo hutikisa vibaya zaidi. Ukiifungua, inatakiwa kujikunja pande zote mbili kwa uzito wake bila kukatakata.

Propela ya vipande viwili inabebwa katikati na senta beringi iliyozungukwa na mpira. Isukume juu na chini. Mpira uliochanika unaiacha propela icheze na kugonga kibebeo chake, na mtetemo huwa mkali zaidi wakati wa kuondoka na gari likiwa limepakia. Kabla ya kufungua bolti hata moja, piga alama ya rangi kwenye flanji zote na pale vipande viwili vinapoingiliana. Propela iliyorudishwa ikiwa imezungushwa meno machache huwa na makombe ya krosi yasiyolingana, na gari lililoingia gereji na kelele hutoka na mtetemo. Kwenye saluni nyingi za Toyota krosi za kiwandani zimegongewa ndani na hazina klipu za kuzitoa. Hapo chaguo ni fundi mchongaji anayeweza kuweka za klipu na kubalansi, au propela nzima nyingine.

Propela ambayo viungo vyake ni vizima lakini bado inanguruma inaweza kuwa imedondosha kipande chake cha balansi au imegonga jiwe na kubonyea. Kuna njia ya kusaidia kabla ya kuipeleka kwenye mashine. Funga klipu ya hosi kuzunguka propela karibu na mwisho wa nyuma, kichwa cha skrubu kikiwa juu, na endesha kwenye mwendo uleule mbaya. Kisha kizungushe robo mzunguko na urudie, mpaka umejaribu nafasi nne. Nafasi moja itapunguza mtetemo kuliko nyingine. Kama zote nne hazibadilishi kitu, usiendelee kulaumu balansi ya propela.

Unatetemeka ukikanyaga mafuta tu

Kwa gari la mbele, mshukiwa ni jointi ya ndani ya draivushafti, ile iliyo upande wa gia boksi. Ndani yake mna roda tatu zinazoteleza kwenye njia tatu. Njia zikichimbika, roda hupanda na kushuka kila mzunguko, na gari linacheza ubavu kwa ubavu ukipandisha mlima au ukilipita lori. Ukiachia mafuta, kimya. Watu huichanganya na jointi ya nje, lakini ya nje hulia "ka-ka-ka" ukikata kona. Tafuta buti lililochanika na grisi iliyorushwa kwenye chesesi. Jointi iliyokwisha kuchimbika haiponi kwa grisi mpya. Draivushafti ya mtumba iliyo safi ndani mara nyingi hukaa vizuri kuliko mpya ya bei rahisi isiyobalansiwa.

Hapa lazima tuseme juu ya kunyanyua magari. Spesa za springi, vipande vinavyowekwa kuinua gari, zimekuwa kawaida, kwa sababu ya matuta na barabara za mtaani, na kwa Vitz, Axio au Premio iliyonyanyuliwa inchi mbili draivushafti zinafanya kazi kwa pembe ambayo jointi ya ndani haikutengenezewa. Gari linaweza kuanza kutetemeka likiongeza mwendo wiki ileile, jointi zikiwa nzima. Ukipakia watu wanne na mtetemo ukapungua, pembe ndiyo chanzo. Punguza spesa, usinunue jointi. Mark X au Crown iliyonyanyuliwa nyuma inapata tatizo lilelile kwenye draivushafti zake za nyuma.

Maunti ya injini iliyokatika nayo huonekana hapa. Vuta hendibreki, kanyaga breki kwa nguvu, mtu asisimame mbele ya gari, weka D kisha R huku boneti iko wazi na mwenzako anatazama kutoka ubavuni. Injini ikiinuka kama inataka kuruka, maunti imeachana. Gari hilo pia hutetemeka kwenye taa nyekundu likiwa D na kutulia kwenye N.

Kama unapita kwenye rasta

Kuna mtetemo wa sekunde moja au mbili, kati ya 60 na 90, mafuta yakiwa yamekanyagwa kidogo tu, ambao dereva huuapia kuwa ni rasta za barabarani, vile vituta vidogo vilivyopangana. Mara nyingi ni lokapu ya tokikonveta, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi ya otomatiki: klachi yake ya ndani inashika na kuteleza. Ukiwa ndani ya mtetemo, gusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa za breki tu, bila kupunguza mwendo. Lokapu inaachia, mshale wa RPM unapanda mia kadhaa na mtetemo unakatika palepale. Hapo matairi hayana kosa. Anza na mafuta ya gia boksi: kina, rangi, harufu, na aina. Gia boksi inayotaka T-IV, aina ya mafuta ya Toyota, ikatiwa chochote kilichokuwa dukani hufanya hivi hasa. Yabadilishwe kwa aina sahihi, mara mbili, baada ya kilomita mia kadhaa katikati, kwa sababu kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya mafuta na mengine hubaki kwenye tokikonveta. Plagi au koili inayomisi huiga mtetemo huu vizuri sana, lakini yenyewe haijali ukigusa breki.

Kwenye breki, na baada ya mwendo mrefu

Usukani ukitetemeka wakati wa kushika breki kutoka 100, ni diski za mbele. Ukitetemeka mwili wa gari na pedali lakini usukani umetulia, ni breki za nyuma, ngoma au diski. Diski mara nyingi haijapinda kama mkeka. Ina unene usio sawa, kwa sababu iliyumba kidogo juu ya habu yenye kutu na pedi zikaila sehemu moja kwa maelfu ya kilomita. Toyota huruhusu kuyumba kwa milimita 0.05 tu kwa diski nyingi za mbele, ukipima kwa geji ya saa sentimita 1 kutoka ukingoni. Kuchonga kunafaa ikiwa unene utabaki juu ya namba iliyogongwa kwenye diski yenyewe. Diski mpya ikifungwa juu ya kutu ileile, miezi michache baadaye itarudia.

Mtetemo unaoanza baada ya dakika 20 za mwendo bila kugusa breki, na gari kuwa zito, ni kalipa ya breki, ile inayobana pedi, iliyokwama. Simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja itakuwa na joto kuliko zote. Toa pini za kalipa, zisafishe, paka grisi ya breki, badilisha raba zake. Pini ikiwa imeliwa na kutu, badilisha pini.

Viungo vilivyochoka

Shokapu, bushi (raba) za lowa ami, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, pamoja na boli jointi na tairodi kwa kawaida havizalishi mtetemo, vinauruhusu. Gari lenye bushi mpya linaweza kumeza gramu 20 za kasoro bila dereva kujua, na lilelile likiwa na bushi zilizopasuka linatikisika kwa gramu 10. Ndiyo maana gari kuukuu linadai balansi nzuri kuliko jipya. Inua gurudumu, shika kushoto na kulia ukitikisa: mchezo hapo ni tairodi au reki ya usukani. Shika juu na chini: mchezo ni beringi au boli jointi. Mwenzako akikanyaga breki wakati unatikisa juu na chini na mchezo ukapotea, ni beringi. Ingiza bisibisi kubwa kwenye bushi ya nyuma ya lowa ami na uipinde. Mpira ukifunguka hadi chuma, ibadilishwe pande zote mbili, kisha wili alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu.

Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, mbele kisha nyuma. Mabonde kila baada ya sentimita kumi hivi ni shokapu iliyokufa, iliyoliacha tairi lidundedunde. Kingo kali kama meno ya msumeno upande mmoja ni alaimenti. Kwa hali zote mbili tairi lenyewe limeshaharibika: ukibadilisha shokapu tu, mtetemo na mvumo utabaki mpaka tairi litoke, na ukibadilisha tairi tu, jipya litachimbika vilevile.

Kila ukimaliza kurekebisha kitu kimoja, rudi kwenye barabara ileile, upepo uleule kwenye matairi, mzigo uleule, mwendo uleule ulioandika mwanzoni, na andika tofauti. Usifunge vitu vitatu kwa siku moja. Hutajua kipi kilitibu, na spea mbili zitakuwa zimekwenda bure. Magari haya mara nyingi yana vyanzo viwili kwa pamoja, mfano rimu iliyopinda mbele na senta beringi nyuma, na ukitoa kimoja kingine ndipo kinaanza kusikika vizuri. Baada ya kilomita 80 hadi 100 kaza nati tena, magurudumu yakiwa ya baridi.